Boksi Lililoandikwa Bibi

Swali zito kuliko yote niliyowahi kuulizwa kazini sikuulizwa na mtu wa chuo. Niliulizwa na wachimbaji kumi na mmoja waliokuwa wamelizunguka duara, yaani shimo lao la dhahabu, huko machimboni Geita, vumbi jekundu limewajaa hadi kwenye kope. Aliyeuliza kwa niaba yao alikuwa kaka yangu wa tumbo moja. Mkononi nilikuwa nimeshika kipande cha taya chenye meno matatu, kimegeuka jiwe, cha kiumbe aliyeishi kabla hakujawa na Msukuma wala Mzinza wala mtu yeyote wa kujiita kabila. Walitaka kujua jambo moja tu, kama ni mwanaume au mwanamke.

Nieleze kwanza mimi ni nani, maana shangazi zangu wa Shinyanga mpaka leo wanawaambia watu kwamba nafanya kazi ya meno. Si uongo sana. Kazi yangu ni visukuku, mifupa ya kale iliyogeuka mawe, na katika mwili mzima meno ndiyo yanayodumu kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo siku zangu nyingi huishia kwenye meno ya watu wasio na makaburi. Nakaa mezani na sindano na brashi laini, naondoa udongo punje kwa punje, na mtu akinisemesha wakati huo namjibu vibaya. Sina subira na watu. Subira yangu yote naimalizia kwenye mifupa.

Elimu hiyo niliipata kwa mgongo wa kaka. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili, na kaka, ambaye alikuwa na kichwa chepesi kunizidi, aliacha shule akashuka duarani ili mimi nisiache. Hajawahi kunikumbusha hilo hata siku moja. Alichokuwa akifanya ni kunitania kila nikirudi likizo, kwamba sisi wawili kazi yetu ni moja, kufukua, ila mimi nafukua vitu visivyouzika.

Kwa hiyo aliponipigia simu kwamba wamekutana na mfupa ukutani mwa duara, nililichukulia jambo hilo kirahisi. Nilidhani ni ng'ombe. Akanitumia picha, na nilipoiona nilisimama nikaketi tena, kwa sababu ng'ombe hana meno ya namna ile. Nilifika na barua za kibali kutoka kila ngazi inayotaka kuonwa, na gari la mradi, na dereva aliyenuna tangu Shinyanga. Kipande kilikuwa kimekwama kwenye tabaka gumu la chokaa, kina cha watu watatu waliosimamiana mabegani.

Mimi sikushuka. Mwanamke hashuki duarani, na wengi hawataki hata ausogelee mdomo wa shimo. Wanaamini dhahabu humkimbia, mwamba hufunga, na hapo hujui ukuta utamwangukia nani. Nimekulia kwenye maneno hayo na sijawahi kuyapenda. Siku hiyo nilimwelekeza kaka kwa kupaza sauti kutoka juu, nimesimama nyuma ya kamba waliyoivuta kwa ajili yangu, naye akafukua kwa patasi yangu, taratibu, vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha.

Lilipotoka taya ndipo lilipotoka swali. Kwa wiki kadhaa mwamba ulikuwa hautoi kitu, na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Kama mfupa ni wa mwanaume, walisema, basi huyo ni mwenyeji wa mahali, watamwagia pombe kidogo na kazi itaendelea. Kama ni wa mwanamke, maana yake tangu enzi na enzi mwanamke amekaa ndani ya duara, na kila aliyeshuka alikuwa akishuka kwake. Hilo halina dawa. Duara lingefungwa. Kaka ndiye aliyelianzisha, ndiye aliyewaita wenzake kutoka Kigoma, Mara na Singida, Wakristo kwa Waislamu, na sasa wote walikuwa wanamtazama yeye, naye ananitazama mimi.

Niliwaambia sijui. Wakacheka, wakidhani naringa. Nikawaeleza kwamba mtu wa leo, ukiipata nyonga yake, unaweza kusema bila wasiwasi, maana nyonga ya anayezaa imepanuka. Lakini zamadamu, hawa jamaa zetu wa kale ambao bado hawajawa sisi kamili, wana mambo yao, na hapa hatukuwa hata na nyonga, tulikuwa na kipande cha taya. Ni dogo, kweli. Taya dogo linaweza kuwa la mwanamke. Linaweza pia kuwa la mwanaume wa ukoo wa watu wadogo, au la kijana ambaye hajamaliza kukua. Niliwauliza, mtu aliyeona ng'ombe mmoja tu maishani mwake, anaweza kusema huyo ng'ombe ni mkubwa au mdogo? Wasukuma waliokuwepo walilielewa hilo mara moja, wakawatafsiria wengine.

Njia ya uhakika ilikuwepo moja. Ndani ya enameli, lile ganda gumu la jino, hubaki protini ambayo mwanaume anayo ya aina mbili na mwanamke anayo ya aina moja. Ikipatikana ile ya kiume, kesi imekwisha. Isipopatikana bado hujui, maana huenda imeoza tu kwa ukongwe. Maabara ya kupimia hayo iko ng'ambo na foleni yake ni ndefu. Wakakubaliana kuendelea kushuka mpaka jibu lije.

Kaka alinivuta pembeni.

"Mdogo wangu, sijakuomba uniongopee," alisema. "Kama hujui, hujui. Ila mpaka siku utakayojua, neno mwanamke lisitoke mdomoni mwako, wala mdomoni mwa mtu wako yeyote. Hawa watu wameshuka kwa sababu yangu."

Niliahidi. Kisha nikaendelea na kazi kama ninavyofanya siku zote. Nikalifunga taya kwa pamba, nikalilaza kwenye boksi, nikaandika juu yake kwa kalamu nzito namba na tarehe, na chini yake lakabu, maana kwenye stoo iliyojaa maboksi namba huchanganya. Niliandika BIBI. Meno yale yalikuwa yamelika upande mmoja kama ya bibi yetu mzaa mama, ambaye alitafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mpaka wiki aliyokufa. Kulika kwa meno hakusemi chochote kuhusu jinsia, kunasema chakula na umri. Nilijua hivyo, na bado niliandika, kwa mapenzi tu. Kaka alilibeba boksi hadi kwenye gari kwa mikono miwili, akaliweka kiti cha nyuma, akasimama kidogo kabla ya kufunga mlango.

Mradi wetu uliongozwa na profesa mmoja mwanamke. Nilikuwa nikimwita Mama, na sikuwa namwita hivyo kwa adabu tu. Alinifundisha tangu mwaka wa kwanza. Katika kipindi chake cha kwanza kabisa aliweka mezani mataya mawili ya plasta, kubwa na dogo, akatuuliza lipi ni la kiume. Darasa zima tulinyoosha vidole kwenye lile kubwa. Akatuambia yote mawili ni ya kiume, tena hilo dogo ndilo la mtu mzima zaidi. Akasema mtu anayeijua kazi hii anatambulika kwa neno moja, sijui, na kwamba atamfelisha yeyote atakayeona haya kulitamka. Nililibeba neno lile miaka yote kama wengine wanavyobeba rozari.

Alipokuja kuona mahali lilipotoka taya, nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Shinyanga, Ibadakuli, na njia nzima ya kwenda Geita nikamweleza habari yote. Sikumficha kitu. Nilimweleza mwiko wa duara, nikamweleza kaka na wale wenzake, nikamweleza ahadi yangu, nikamwomba tusitamke lolote mpaka jino lijibu lenyewe. Alinisikiliza kwelikweli, huyo mama ana masikio. Halafu akatoa daftari kwenye mkoba akaanza kuandika. Nami nikafurahi, nikidhani anaandika asije akasahau kunyamaza.

Miezi miwili tangu taya litoke, nilikuwa nyumbani kwa mama yangu mzazi, mtaa wa Kambarage, Shinyanga, asubuhi. Mama anachagua mchele kwenye ungo, redio iko dirishani inaongea peke yake kama kawaida yake. Nikasikia sauti ya profesa. Alikuwa amealikwa kuhutubia mkutano fulani, na redio walikuwa wanarusha. Alianza vizuri, akataja meno, akataja chokaa, akawashukuru wachimbaji. Halafu sauti ikapanda kidogo.

"Katika eneo ambako mpaka leo mwanamke anakatazwa kulisogelea duara," alisema, "aliyetangulia kukaa ndani ya duara ni mwanamke."

Watu wakapiga makofi. Mama akainua uso, akaniuliza kama huyo si yule mama yangu wa chuo, akafurahi kwa niaba yangu, masikini. Maneno ya redioni yalikuwa yangu. Habari za mwiko nilimpa mimi, garini, ili zimsaidie kufunga mdomo, naye amezivisha nguo nzuri akazipeleka redioni. Nimewahi kuibiwa simu, nimewahi kuibiwa mkoba wenye vyeti, lakini kuibiwa na mtu uliyemfungulia mlango mwenyewe ni kitu kingine. Nililia mbele ya mama bila kumweleza sababu, naye akadhani ni furaha.

Nilimpigia kaka, simu imezimwa. Nikampigia profesa, akapokea akiwa bado amechangamka. Nilimuuliza jino limejibu lini. Akasema halijajibu, lakini udogo wa taya unaelekeza huko, na isitoshe makala ya Kiingereza ilikuwa imembana. Katika ripoti yangu ya Kiswahili nilikuwa nimeandika alikula, aliishi, alikufa, kurasa nzima, na hakuna ambaye angeweza kujua huyo ni wa kike au wa kiume. Hata Kisukuma cha nyumbani hakikulazimishi kuchagua. Kiingereza kinataka uchague kila sentensi, naye alichagua. Nikamwambia angeandika kiumbe. Akasema kiumbe hakimgusi mtu, wasichana wetu wanahitaji kujiona. Nikamwambia mimi nina kaka ambaye anahitaji kula. Hapo akaongea kwa upole, ule upole wake wa darasani.

"Mwanangu, mbona hata wewe kwenye boksi uliandika Bibi?"

Nilimkatia simu. Ilikuwa lakabu, na kila mtu kazini anajua lakabu ni lakabu. Tuna fuvu moja tunaliita Mwenyekiti na hakuna aliyedhani liliwahi kuongoza kikao. Nilikasirika wiki nzima kwamba amelishika neno lile kama ngao, na zaidi ya hapo sikulifikiria.

Habari za kaka zilinifikia kupitia kwa mama. Wachimbaji walikuwa na redio kwenye kibanda chao cha chai, wakasikia kama sisi tulivyosikia. Walikaa kikao palepale mdomoni mwa duara. Kikao kilipokwisha, wale wengine waliondoka pamoja kwenda kuanza duara jingine upande wa pili wa kilima, na kaka wakamwacha. Duara la zamani likajaa maji ya mvua. Alipojaribu kuomba nafasi kwingine, sifa yake ilikuwa imeshamtangulia. Mama hakujua kwa nini yeye peke yake ndiye aliyetengwa, nami nilijijibu kwamba ni kwa sababu mleta mkosi alikuwa dada yake. Nikazidi kumchukia profesa. Kaka hakupokea simu zangu, na nilipomwandikia ujumbe alijibu salama, basi.

Mwaka uliofuata jino lilijibu. Ile protini ya kiume ilikuwepo, waziwazi, kwenye meno mawili kati ya matatu. Mwanaume. Mwanaume mzima, mdogo wa mwili, pengine wa ukoo wa watu wadogo, kama nilivyowaambia wale wanaume mdomoni mwa duara. Nilifurahi furaha mbaya, sitaficha. Nikampigia profesa kwa makusudi kabla hajasoma barua pepe ili nimsikie akipokea habari. Akasema ni habari njema kwa sayansi na marekebisho yataingia kwenye makala. Kweli yaliingia, mstari mmoja, chini ya ukurasa, kwa Kiingereza. Nilimuuliza, na redioni je? Akasema ya redio yameshapita. Tangu siku hiyo namwita Profesa, na najua ameliona hilo, ila hajaniuliza.

Nikachapisha lile jibu, nikaandika tafsiri yake kwa mkono, nikapanda basi kwenda Geita. Njiani nilipanga hotuba. Nilitaka kumwambia kaka kwamba tumesalitiwa sote wawili, mimi na yeye, na mtu mmoja, na kwamba sasa tuna karatasi. Nilikuwa na hakika kwamba karatasi ile itafanya kitu.

Nilimkuta karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe, upande wanakokaa kina mama wanaoyavunja mawe kwa nyundo kabla hayajaingizwa mashineni. Wanaume wa machimbo hawakai pale. Kaka alikuwa amekaa katikati yao juu ya ndoo iliyopinduliwa, anagonga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha nyundo. Mama mmoja akanipisha nikakaa. Nikamwambia kaka yote niliyokuja nayo, kwamba jino limejibu, kwamba alikuwa mwanaume tangu mwanzo, nikampa karatasi. Kaka yangu anasoma vizuri. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja.

"Kwa hiyo kumbe hukuwa unajua," alisema.

Nikamkumbusha kwamba siku ileile nilimwambia sijui.

"Ulisema hujui mbele za watu. Boksi nililibeba mimi."

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza bila hasira, huku akizisogeza kokoto kwa kidole. Siku ile, mlangoni mwa gari, alisoma BIBI kwa mwandiko wangu. Akajua ni mwanamke. Akajua kwamba mimi najua, na kwamba nimesema uongo mbele ya watu wote wale ili duara lake lisifungwe. Alinishukuru moyoni. Kuanzia kesho yake akawa anatangulia kushuka yeye, kila siku, kabla ya mwenzake yeyote, ili kama kuna la kutokea limtokee yeye. Alishuka hivyo miezi miwili, anaogopa kila kamba inapomteremsha. Hakumwambia mtu, kwa sababu siri aliiona ni yangu.

Redio iliposema, wenzake walimuuliza kitu kimoja tu, kama alikuwa anajua. Angejibu hapana, wangeondoka naye wakaanze upya pamoja. Walikuwa tayari kumwamini. Lakini kaka hawezi kumwongopea mtu anayemtazama usoni, hajawahi kuweza tangu utoto. Akawajibu ndiyo.

"Hawakunifukuza kwa sababu ya mwanamke," alisema. "Walinifukuza kwa sababu niliwashusha nikijua."

Na hakuwa anajua kitu. Alikuwa amesoma lakabu. Alikuwa amesoma meno ya bibi yetu na michembe yake. Hotuba yangu ya kusalitiwa niliiacha, nikaanza kumweleza habari za stoo, maboksi yanavyofanana, namba zinavyochanganya, jinsi kila mtu kazini anavyojua kwamba neno kama lile halina maana. Niliisikia sauti yangu. Ilikuwa na ule upole wa profesa.

Kaka alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama anavyonisikiliza siku zote. Kisha akauliza, kama mtu anayetaka kufahamu na si kama mtu anayelaumu, mbona sikuandika Babu.

Nililitafuta jibu. Kulikuwa na Babu, kulikuwa na Mhenga, ambalo lingemfaa mtu yeyote, kulikuwa na majina mengi tu. Mwisho nikasema lile neno ambalo anayeijua kazi yangu anatambulika nalo.

"Sijui," nikamwambia.

Akanirudishia karatasi, akasogeza ndoo yake kidogo ili mama aliyekuwa pembeni apate nafasi ya kunyoosha miguu, akaendelea kugonga mawe.